Mama alipobebeshwa lawama za skizofrenia

Kila Oktoba 10, Siku ya Afya ya Akili Duniani, hotuba humzungumzia mgonjwa na dawa zake. Ndugu anayeamka naye usiku hatajwi, na zamani alipotajwa alilaumiwa.

Mwaka 1948 nchini Marekani, daktari Frieda Fromm-Reichmann aliandika kuhusu mama ambaye malezi yake humpa mwana ugonjwa wa akili wa skizofrenia. Mwaka 1956 Gregory Bateson na wenzake wakaongeza kuwa kauli zinazopingana nyumbani humvuruga mtoto. Kwa miaka mingi wazazi walitoka hospitalini wakijiona wakosaji, bila hata kuambiwa ugonjwa wenyewe ni nini.

Kisha ukaja utafiti wa London ulioanzishwa na George Brown: wagonjwa waliorudi katika nyumba zenye lawama na ukali walirudiwa na ugonjwa zaidi. Wazazi wa Marekani waliona wanalaumiwa tena, wakachoka. Mwaka 1979 walikutana Madison, Wisconsin, wakaunda chama chao, NAMI. Agnes Hatfield, mhadhiri wa elimu wa Maryland na mwenyewe mama wa mgonjwa, aliwakabili wataalamu waziwazi: familia hizi si za kutibiwa, zinahitaji kufundishwa. Kwangu mimi alikuwa sahihi. Anayemkaripia mwanawe kwa kulala hadi saa sita mchana mara nyingi hajui kwamba uzito ule ni ugonjwa, au dawa.

Huko Pittsburgh, Carol Anderson na Gerard Hogarty walianzia hapo hapo. Familia zilielezwa ugonjwa ni nini, dawa hufanya nini, dalili zipi hutangulia kurudiwa, na kwamba mgonjwa asiharakishwe. Matokeo yao ya 1986 yalionyesha kuwa katika mwaka wa kwanza asilimia 41 ya waliopata dawa na huduma ya kawaida walirudiwa na ugonjwa. Ambao familia zao zilifundishwa pia, asilimia 19.

Elimu hiyo baadaye ilienea nchi nyingi. Kwetu Tanzania, mpango wa KUPAA, yaani Kuwezeshana Kupata Uzima, umewakutanisha wagonjwa na ndugu zao katika vikundi kwenye hospitali za Muhimbili na Mbeya, kwa Kiswahili. Lakini bado ndugu wengi hutoka kliniki na bahasha ya vidonge na tarehe ya kurudi tu, kisha jirani ndiye anayewaambia kijana karogwa. Wizara ya Afya iingize kipindi cha kufundisha familia katika ratiba ya kila kliniki ya afya ya akili, kuanzia Hospitali ya Mirembe hadi wilayani.