KANOPI YA PIKAPU KWA SAFARI YA FAMILIA: VIPIMO, VUMBI NA MOSHI

Leo naleta mambo ya kanopi, kile kibanda kinachofunikwa nyuma ya pikapu. Tangu mwaka 2019, mapori ya huku kwetu yalipopandishwa kuwa hifadhi za taifa (Ibanda-Kyerwa, Rumanyika-Karagwe, na Burigi-Chato iliyounganisha mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi), mwenye pikapu anaanza kuwaza kupakia mke na watoto, godoro na sufuria, akalale huko siku mbili. Wazo zuri. Ila mimi nimelala ndani ya kanopi na familia, na nusura tusiamke. Nitaanza na vipimo, hiyo habari ya kutoamka nitaifikia.

Pikapu ni ya mjomba, Hilux singo kebini. Kazi yake ni ndizi na kahawa maganda, kwa hiyo sharti la kwanza alilompa fundi ni kwamba kanopi iwe ya kuvuliwa. Shule zinafungwa Juni, na Juni hiyohiyo kahawa inavunwa, sasa ukichomelea kibanda moja kwa moja juu ya bodi ujue umejifungia riziki. Yetu imeshikwa kwa klampu sita, tatu kila upande, hakuna hata tundu moja lililotobolewa kwenye bodi. Wanaume wanne wanaivua kwa robo saa. Tuliipima kwa mizani ya kahawa tukapata kilo 94. Ni nzito kidogo, lakini ni skwea paipu na bati, si zile za faiba wanazotoka nazo Dar.

Sasa vipimo, maana hapa ndipo watu wanapoliwa hela. Singo kebini bodi yake ina urefu wa mita 2 na kitu, mtu mzima ananyooka vizuri. Dabo kebini ni kama mita 1 na nusu, yaani futi 5, ukilala unakunja magoti au unashusha mlango wa nyuma na miguu inatokeza nje. Upana pia una ujanja wake. Juu bodi ni pana, lakini chini kuna yale matuta ya tairi, na kati ya tuta na tuta ni kama sentimita 110. Godoro la futi 4 kwa 6 lina sentimita 122. Halikai! Litajikunja katikati kama mtumbwi. Ama ununue la futi 3 na nusu, ama ufanye kama sisi: tulipiga kichanja cha mbao juu ya matuta, godoro la futi 4 likakaa juu yake, na chini tukapata nafasi ya madumu ya maji, unga na jiko. Kabla hujaenda kwa fundi chukua futikamba upime gari lako mwenyewe, usipime la jirani.

Bati peke yake ni shida. Usiku wa Karagwe mnaujua, tuko juu huku, baridi inakaa kwenye bati kama maji ya kisima. Pumzi za watu watano zikigonga bati zinageuka matone, na saa tisa usiku mnaanza kunyeshewa humo humo ndani. Fundi akaweka plaiwudi nyembamba kwa ndani, ikasaidia sana. Madirisha ni mawili, yanaangaliana, yana wavu wa mbu. Usikubali dirisha moja. Hewa ikiingia lazima iwe na pa kutokea.

Rangi nayo ina maneno. Mjomba alitaka bluu ifanane na gari, nikamkatalia. Pande za Burigi na Kimisi kuna mbung'o, na mbung'o anapenda bluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yake inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Gari linalotembea lenyewe tu linamvuta. Tukapaka rangi ya maziwa. Wengine watasema inachafuka. Sawa, inachafuka.

Haya, tukaondoka. Mjomba na mke wake mbele, mtoto mdogo amepakatwa. Mimi na watoto wawili wakubwa nyuma kwenye godoro, tunacheka, tunakula karanga. Tulitoka Kayanga, Omurushaka, Nkwenda, tunaelekea Kaisho kwa ndugu, kesho yake tuingie Ibanda. Tulivyofika Nkwenda tumegeuka rangi, vumbi limeingia mpaka kwenye masikio. Nikashangaa, maana mbele na pembeni kote tulikuwa tumeziba. Vumbi lilikuwa linatokea nyuma, kwenye nafasi kati ya mlango wa bodi na mlango wa kanopi, upana wake kama kidole.

Hii ndiyo sehemu ninayotaka muisome mara mbili. Gari likienda, hewa inapasuliwa mbele, na nyuma panabaki kama mfuko mtupu unaovuta. Chochote kilichoko nyuma ya gari kinarudi kuingia ndani. Vumbi tunaliona kwa macho. Lakini bomba la ekzosi nalo linatemea moshi hukohuko nyuma, na moshi huo una hewa ya sumu inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Ikiingia kwenye damu inang'ang'ania chembe nyekundu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, basi unapumua lakini hewa haifiki kwenye ubongo. Kwa hiyo kama vumbi linaingia kwenye kanopi yako, usiseme ni vumbi tu. Linakuonyesha njia anayopita mwenzake usiyemuona.

Mimi wakati ule nilikuwa sijui. Mtoto wa miaka saba akaanza kulalamika kichwa, baadaye akatapika. Tukasema ni gari, hajazoea. Mimi mwenyewe kichwa kinagonga, nikasema ni njaa. Yule mwingine akalala fofofo na kona zote zile, tukamuona ana bahati. Dah.

Tulifika Kaisho jioni. Watu wakatupokea, ndizi zikapikwa, watoto wakapata nafuu uani, na hilo nalo hatukulitilia maanani. Nyumba ya watu ilikuwa imejaa, tukasema si tuna chumba chetu cha kutembea? Baridi ikashuka. Mke wa mjomba akachukua jiko la mkaa lililokuwa limepikia, makaa mekundu safi, halitoi moshi hata kidogo, akaniambia, "Mwanangu, liweke hapo miguuni kwa watoto, ukishapanda ufunge madirisha." Nikaliweka mimi mwenyewe kwa mikono yangu. Tukafunga.

Aliyetuokoa ni mama mmoja jirani, nesi mstaafu, aliyepita kutusalimia kabla hajaenda kulala. Aliona mwanga mwekundu ndani, akagonga bati kwa nguvu. "Waitu, mnafanya nini humo?" Nikamjibu tunaota moto. Akafungua mlango kwa nje, akatutoa mmoja mmoja, na mtoto yule wa saba ilibidi abebwe maana kuamka aligoma. Akatukalisha kwenye hewa. Baada ya hapo akaanza kuuliza maswali: mchana mlisafiri vipi, nani alikaa wapi, nani aliumwa kichwa, aliyekaa mbele aliumwa? Mbele hawakuumwa hata mmoja. Akaenda na tochi kwa mjomba, wakainama chini ya gari. Bomba la ekzosi lilikuwa limekatwa fupi, linaishia chini ya bodi kabla ya kufika nyuma. Gereji moja iliwahi kulikata lilipooza na haikurudisha kipande. Kwa kubebea kahawa wala huna habari, kahawa haiumwi kichwa.

Usiku ule hatukwenda hospitali kwa sababu mtoto alizinduka akaomba maji, lakini yule mama alituambia wazi kwamba angechelewa kuchangamka tungekimbizwa, dawa yake ni oksijeni na inatolewa hospitali, si maziwa wala maji ya chumvi kama watu wanavyodhani. Akasema pia mkaa unaotisha ni ule uliowaka vizuri. Wenye moshi utakufukuza mwenyewe kwa kukohoa. Mwekundu unakubembeleza ulale, na aliyelala haamshwi na sumu hiyo.

Kwa hiyo anayejenga kanopi ya familia, haya ndiyo tuliyorekebisha. Bomba la ekzosi tulilirefusha likatokeza nyuma kabisa na kupindia pembeni, lisitazame chini ya mlango. Ile nafasi ya nyuma tuliiziba kwa raba, na raba yenyewe ni tyubu ya tairi kuukuu, unaikata vipande vya upana wa vidole vitatu unaibandika kwa gundi ya viatu na kuipigilia kwa fleti baa. Chini ya kanopi pande zote pia ni tyubu hiyohiyo, inazuia maji na inazuia kelele za bati kugongana. Halafu jaribio ni rahisi: endesha kilomita chache kwenye vumbi bila mtu nyuma, ukiwa umetandika shuka jeupe. Ukikuta shuka limebadilika, rudi kwa fundi. Shuka likiwa safi bado jiko haliingii ndani, hata dakika tano, na gari likisimama mmelala ndani yake injini izimwe. Baridi ni kazi ya blanketi na chupa za maji ya moto.

Jambo lingine ni komeo. Kanopi nyingi zimetengenezwa kwa mzigo, zinafungwa kwa nje tu, kwa sababu gunia halina haja ya kutoka. Yetu ilikuwa hivyo, ndiyo maana yule mama ilibidi afungue yeye. Sasa kuna komeo la ndani ambalo hata mtoto wa miaka mitano analifungua, tumemjaribisha gizani.

Na nyuma hapakai mtu gari likitembea. Najua tumezoea, wazee wanasimulia zile chai maharage za zamani, abiria wanaangaliana kwenye mabenchi, na Unguja hadi leo kuna daladala za namna hiyo. Lakini zile zimejengwa kwa abiria na pembeni ziko wazi, upepo unapita. Kibanda kilichozibwa chenye godoro hakina kiti wala mkanda, dereva akifunga breki kwenye mteremko watoto wanaruka kama viazi. Trafiki akikukamata usimlaumu. Kama familia ni kubwa na unanunua gari leo, mimi ningekushauri dabo kebini pamoja na ufupi wa bodi yake, maana kunyooka usiku kuna ufumbuzi, mtoto kukaa nyuma mchana hakuna. Sisi wa singo kebini, wakati wa kurudi mimi na watoto wawili tulipanda Hiace. Kuhusu makaratasi, usajili wa magari uko TRA, ukibadilisha umbo la gari moja kwa moja kawaulize kabla ya kuchomelea.

Ibanda tuliingia kesho yake, kichwa kizito lakini tuliingia. Ukisogelea mto Kagera usiegeshe karibu na maji jioni ukasema hapa pazuri. Viboko hutoka mtoni usiku kula majani na wana njia zao, hawaipindii pikapu. Ndani ya hifadhi unalala pale tu askari wanapokuonyesha.

Gharama: fundi alianzia laki 8, tukamalizana laki 6 na nusu, plaiwudi na rangi tukanunua wenyewe. Kurefusha ekzosi kulichukua elfu 35 na nusu saa. Kanopi ilivuliwa siku ya pili baada ya kurudi kwa sababu maganda yalikuwa yamejaa uani yanasubiri gari, sasa iko nyuma ya jiko juu ya magogo mawili. Kuku mmoja ameshaanza kutaga ndani, anaingilia dirishani tulikosahau kurudishia wavu.