Taaluma zikae jamvi moja: Funzo kutoka makaburi ya Mtwapa

Vyuo vikuu vyetu vimegawika vitivo, vitivo navyo vimegawika idara, mithili ya mashamba yaliyotiwa ua. Mwanaisimu hajui mwanabiolojia wa ghorofa ya juu anatafiti nini, na mwanahistoria hana habari na wote wawili. Katika makala haya ninashikilia kwamba ua huo unatugharimu. Shahidi wangu ni historia ya Waswahili wenyewe.

Ukipanda matatu Mtopanga ukaelekea kaskazini, muda si muda utavuka daraja la Mtwapa. Ng'ambo ile yapo magofu ya mji wa kale: msikiti, nyumba za mawe na makaburi. Nani alijenga miji kama huu? Wasomi wengi wa enzi ya ukoloni walikuwa na jibu jepesi: wageni kutoka Arabuni na Uajemi. Walitazama matao na mihrabu, wakasema hii si kazi ya Mwafrika. Jibu hilo lilimfanya Mswahili kuwa mgeni kwao. Na mpaka leo, huku Kisauni, swali la nani mwenyeji na nani wa kuja halijapoa.

Mnamo 1985, mwanaisimu Derek Nurse na mwanahistoria Thomas Spear walichapisha kitabu cha pamoja kuhusu Waswahili. Walionyesha kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu, ndugu wa Kimijikenda, Kipokomo na lugha za Visiwa vya Komoro. Maneno ya Kiarabu ni mengi, ndiyo, lakini ngeli na mnyambuliko wa vitenzi ni vya hapa hapa. Miaka hiyo hiyo, mwanaakiolojia Mark Horton alikuwa akichimba Shanga, kisiwani Pate. Alikuta makazi ya miti na udongo yaliyoanza karne ya 8, kabla ya nyumba za mawe.

Machi 2023 ikawa zamu ya wanajenetiki. Jopo lililowajumuisha mwanaakiolojia Mkenya Chapurukha Kusimba na mwanajenetiki David Reich wa Harvard lilichapisha, katika jarida la Nature, uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wakiwamo waliozikwa Mtwapa. Wengi wa watu wa miji ya pwani walikuwa na zaidi ya nusu ya asili yao kutoka Afrika, hasa kwa upande wa kina mama. Sehemu kubwa ya iliyobaki ilitoka Asia, hususan kwa wanaume wa Kiajemi. Mchanganyiko huo ulianza takriban mwaka 1000.

Hebu tutafakari. Mtu akisoma vinasaba peke yake, anaweza kurudi pale pale: "Si mnaona? Waajemi ndio waliojenga!" Hapo isimu itamuuliza: mbona basi watoto wao hawakuzungumza Kiajemi? Jibu lenye mashiko ni kwamba walilelewa katika lugha ya mama zao. Akiolojia nayo itaongeza kwamba kufikia mwaka 1000, Shanga ilikuwa imekaliwa kwa zaidi ya karne mbili. Wageni waliukuta mji, wakaoa humo.

Lakini isimu nayo isijigambe. Ukisoma ngeli tu, utamfuta yule baba Mwajemi ambaye masimulizi ya kale ya Kilwa kuhusu Washirazi yalimtaja siku zote. Wako wasomi waliomwona hadithi tupu. Kumbe wazee walikuwa na lao! Kidole kimoja hakivunji chawa.

Je, vyuo vifanye nini? Hapa Pwani tuna Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa na Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, vyote vilivyopata hati mwaka 2013. Napendekeza mambo matatu.

Kwanza, pawe na Siku ya Kitu Kimoja kila muhula. Kichaguliwe kitu kimoja, tuseme mtepe, na idara nne zikizungumzie. Mhandisi aeleze jinsi chombo cha kushonwa kwa kamba kinavyohimili mawimbi, mwanabotania ataje miti yake, mwanaisimu afuatilie majina ya sehemu zake, na mwanahistoria aseme kilibeba nini. Kisha waulizane maswali, wala pasiwe na hotuba za wageni wa heshima.

Pili, pawe na ziara za pamoja Mtwapa, ambapo mwanafunzi wa biolojia ataandamana na wa Kiswahili na waandike ripoti moja. Fedha kidogo za utafiti zitengwe kwa ajili ya wawili wawili wanaotoka vitivo tofauti.

Tatu, mara moja kwa mwaka kikao kitoke chuoni kije mtaani, Mtopanga kwa mfano, na kiendeshwe kwa Kiswahili. Wazee wa Kiswahili na wa Kimijikenda wawe watoa mada, si wapiga makofi. Mtaalamu asiyeweza kumweleza jirani yake utafiti wake kwa lugha ya jirani huyo bado hajamaliza kazi.

Wapo watakaosema mambo haya yatawapotezea muda wa kufundisha. Nami nawauliza: ni watoto wangapi wa Pwani waliosoma darasani kwamba mababu zao hawakujenga chochote, kwa sababu tu aliyeyajua mawe hakukaa na aliyeijua lugha?