Kunguru: Mgeni Aliyeletwa Kusafisha Mji, Akaingia Kwenye Vifaranga

Leo tuzungumze habari za adui mmoja wa kuku wetu wa kienyeji. Kicheche na nguchiro mnawajua. Adui wa leo yeye hasubiri giza. Huja mchana kweupe, anatua juu ya paa, anatazama uwanja mzima, halafu anachagua. Naye ni kunguru mweusi mwenye shingo ya kijivu, huyu aliyejaa katika miji na vijiji vya pwani yetu.

Wengine hudhani ndege huyu ni wa hapa hapa tangu enzi za mababu. Sivyo. Kunguru wetu wa asili ni yule mwenye kifua cheupe. Huyu wa shingo ya kijivu kwao ni Bara Hindi. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890, wakati Zanzibar ikiwa chini ya himaya ya Waingereza, ili ale taka za mjini. Nia ilikuwa nzuri, lakini waliomleta hawakuuliza atakula nini kingine. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja, aliyepona akawa yeye mwenyewe.

Sababu ni hii: kunguru huyu hakai porini. Hukaa alipo binadamu, na mji unapopanuka naye huongezeka. Taka zilimshibisha, akazaana. Kisha akaingia kwenye mayai, makinda ya ndege wengine na vifaranga vya watu. Kufikia mwaka 1917 huko Zanzibar alikwisha kuhesabiwa kuwa mharibifu. Katika miaka ya 1940 alionekana Mombasa. Baadaye akaenea Dar es Salaam na miji mingine ya pwani, na sasa ameanza kuingia bara.

Watu hawakukaa kimya. Katika miaka ya 1990, Unguja ilitumia mitego na sumu maalumu, idadi yake ikashuka sana. Kampeni iliposimama, waliobaki wakazaana tena. Mwaka 2024 serikali ya Kenya nayo ilitangaza shabaha ya kuua kunguru milioni 1. Hapo tunajifunza kwamba pigo la mara moja halitoshi, maadamu chakula chake bado kipo.

Sasa sisi wenye kuku wachache uani tufanye nini? Tupige hesabu kidogo. Kuku ameatamia siku 21, ameangua vifaranga 10. Kunguru wakichukua 7 katika wiki ya kwanza, mama mwenye kuku amepoteza daftari za watoto, kitoweo cha mgeni, na akiba ya siku ya ugonjwa. Kuku mkubwa kunguru hamwezi. Anachotaka ni kifaranga. Basi ulinzi wetu uwe mkali katika wiki nne za mwanzo.

Kwanza, turudie tenga la bibi zetu. Mfunike mama kuku pamoja na vifaranga wake, weka jiwe juu, na ndani weka maji na chakula. Tenga liwe kivulini, na lisogezwe kila siku mahali pakavu. Mwenye uwezo ajenge kibanda kidogo chenye wavu, lakini wavu ufunike na juu pia, maana kunguru hapiti mlangoni.

Pili, usimwage pumba wala makombo uwanjani. Ukimwaga, umempigia kunguru kengele.

Tatu, matumbo ya samaki na mabaki ya jikoni yafukiwe siku hiyo hiyo. Hili lifanywe na majirani wote, kwani jalala la mmoja hulisha kunguru wa mtaa mzima.

Nne, okota mayai mapema, na kiota kiwe ndani, penye giza kidogo.

Tano, tafadhali, usitege sumu kwa mkono wako. Itaua kuku wako, mbwa wa jirani, hata kumdhuru mtoto. Kazi hiyo waachieni wataalamu.

Ndugu zangu, taka ndizo zilizofanya kunguru aletwe, na taka ndizo zinazomweka mpaka leo. Tuanze na jalala la nyumbani, tenga likiwa tayari kabla mayai hayajaanguliwa. Kazi njema.