Mvumo wa Ukumbi na Ufyonzaji wa Sauti

Mvumo ni sauti inayoendelea kuzagaa chumbani baada ya chanzo chake kunyamaza. Wengi huuita mwangwi, lakini katika taaluma ya sauti yafaa istilahi hizi zitenganishwe. Mwangwi ni mrudio mmoja unaosikika peke yake, kama wa mtu anayeita mbele ya jabali lililo mita 17 au zaidi kutoka kwake. Mvumo ni marudio mengi yaliyoungana hata sikio lishindwe kuyatofautisha.

Mvumo huusumbua ukumbi wa nyama choma ulio kando ya barabara kuu ya Nairobi–Nakuru, mathalani pale Kikopey, ikiwa umejengwa kwa vigae, saruji na dari ngumu. Maneno hurudi yakagongana, walaji wakapaza sauti ili wasikilizane, na makelele yakazidi.

Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard alianza kuchunguza jambo hili mwaka 1895, akipanga mito ya viti katika ukumbi wa mihadhara na kupima sauti ilichukua muda gani kufifia. Muda wa mvumo leo ni sekunde zinazopita mpaka sauti ishuke kwa desibeli 60. Hukadiriwa kwa kuzidisha ujazo wa chumba, kwa mita za ujazo, na 0.161, kisha kugawanya kwa jumla ya ufyonzaji wa nyuso zake. Ukumbi wa mita 20 kwa 10, wenye kimo cha mita 4, ambao nyuso zake hufyonza asilimia 4 tu ya sauti, huvuma kwa takriban sekunde 5. Mita 150 za mraba za dari zikifunikwa kwa kitu kinachofyonza asilimia 80, muda huo hushuka chini ya sekunde 1, na mazungumzo yakasikika vizuri. Watu wenyewe pia hufyonza, ndiyo maana ukumbi mtupu huvuma kuliko uliojaa.

Kufyonza si kuzuia, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Ngurumo ya malori haikomeshwi na sponji ukutani. Hiyo hutaka ukuta mzito, na madirisha na milango isiyo na nyufa. Trei za mayai nazo ni nyembamba mno: hupunguza kidogo sauti kali na kuziacha zile nzito zikivuma. Kifyonzi kizuri kina vinyweleo na unene wa kutosha, kama vile paneli za sufi ya mawe za sentimita 5, na hufanya kazi zaidi kikiachiwa nafasi ya hewa nyuma yake.

Karibu na jiko la makaa, sponji ya kawaida ni hatari kwa sababu hushika moto upesi. Sufi ya mawe haiungui. Sehemu za chini za kuta nazo hushika mafuta na sharti zioshwe, hivyo si mahali pazuri pa paneli hizo. Kwa ukumbi wa namna hiyo, basi, pa kuanzia ni darini.