Seremala Tuliyempa Pole



Mwaka 1999, matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, mwenzetu mmoja alikwenda chuo cha ufundi kusomea useremala. Sisi tuliochaguliwa kuendelea na kidato cha tano tulimpa pole kama mfiwa. Ninaona haya kulikumbuka jambo hilo, kwani tuliidharau kazi yenye historia ndefu.

Huko Bagamoyo, wamisionari Wakatoliki waliofika mwaka 1868 waliwafundisha useremala vijana waliokombolewa utumwani. Baada ya Vita Kuu ya Pili, pale Ifunda, Iringa, palipokuwa na kambi ya wakimbizi wa Kipolandi, pakafunguliwa shule ya ufundi. Sheria ya mwaka 1974 ikayaweka mafunzo ya ufundi stadi chini ya mpango wa taifa, na ile ya mwaka 1994 ikaunda VETA.

Mwenzetu alianza kwa kunoa patasi na kunyoosha ubao kwa randa. Kisha akajifunza kusoma mchoro, kupima pembe kwa guniya, na kuchonga ulimi uingie tunduni bila msumari. Alifanya majaribio ya ufundi ya daraja la tatu, akapanda hadi la kwanza.

Mimi nilipata digrii na meza serikalini. Meza hiyo ilitoka karakanani kwake. Nilipomwomba radhi alicheka, akaniuliza kama droo zinakwama wakati wa masika. Hazikwami.

Vijana, mwenzenu akienda chuo cha ufundi, mpeni hongera.