Bahasha Zilizogeuzwa

Wakusanyaji wa barua za vita huzithamini sana bahasha zilizotumika mara mbili. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia karatasi ilikuwa adimu, na Waingereza walihimizwa wasitupe hata kipande. Bahasha ya zamani ilibanduliwa, upande wa ndani ukawa nje, ikagundishwa upya. Nyingine ilibandikwa kikaratasi juu ya anwani ya kwanza, ikarudi njiani. Barua za jeshi la Afrika Mashariki zilipigwa mhuri wa E.A. A.P.O. wenye namba badala ya jina la mji, ili adui asijue kikosi kiko wapi.

Nikiandaa tasnifu yangu ya uzamili, nilipekua picha za mikusanyo hiyo nikitafuta barua moja tu iliyokuja Mara. Tanganyika ilitoa askari zaidi ya 80,000. Wenye King's African Rifles walipigana Ethiopia mwaka 1941, Madagaska 1942, Burma 1944. Nilichokuta ni barua za maofisa kwa wake na mama zao. Ya askari wa huku kwetu sikuiona.

Likizo nilirudi Nyambureti, nikamwuliza bibi, ambaye baba yake mdogo alipelekwa Burma.

"Bibi, barua zake zilifika?"

"Zilifika. Katekista alisoma, uwanja umejaa watu. Mimi nilikuwa mtoto, nimekaa chini mbele kabisa."

"Zikaenda wapi?"

Alicheka hadi akajifuta macho. "Karatasi laini namna ile, mjukuu wangu? Wazee walisokotea tumbaku."

Basi na huku karatasi haikutupwa. Ilisomwa, ikasokotwa, ikavutwa. Barua za maofisa zilibaki kwa kuwa zilikuta nyumba yenye kabati na mtu anayejua kusoma wa kuzifungua tena. Zetu, zikishasikika, kazi yake ilikuwa imekwisha. Mtu akiitazama mikusanyo ile peke yake, atadhani askari wetu hawakuandika nyumbani.

Nikamwomba bibi aniambie alichosikia siku ile. Akakumbuka mvua isiyokatika, matope, na ng'ombe mmoja ambaye baba yake mdogo alikataza asiuzwe mpaka arudi.

Bibi anakaribia miaka 90. Sura ya tatu ya tasnifu nimeiandika upya, na kesho narudi kwake na kinasa sauti.