Mwenye Duka Aombe Likizo kwa Nani?

Kwa Kiswahili mtu huomba likizo, kisha hupewa. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inamhesabia mwajiriwa siku 7 zenye malipo kwa kila miezi 4 ya kazi, yaani 21 kwa mwaka. Ya Tanzania, ya 2004, inafika 28. Muuza vitenge wa Base Camp, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, amwombe nani? Bosi ni yeye mwenyewe, na mabosi wa aina hiyo hawana huruma.

Nakivale, wilayani Isingiro, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda. Leo Wakongomani, Warundi, Wasomali na Waethiopia wanauziana unga, sabuni na vocha za simu, kwa kuwa Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inawaruhusu kufanya biashara. Wateja wengi hukopa wakisubiri mgao wa msaada. Siku ya mgao ndiyo ya kulipa madeni. Mwenye duka asipokuwepo, pesa yake inaishia kwa jirani.

Basi kupumzika kumeachiwa dini, na dini hazilingani. Sura ya 62 ya Kurani inamwamuru Mwislamu aache biashara adhana ya Ijumaa inaposikika, na sala ikiisha inamruhusu atawanyike kutafuta riziki. Ni kituo kifupi, na Msomali anafungua tena alasiri. Msabato anadaiwa zaidi: tangu jua la Ijumaa linapozama hadi la Jumamosi, hauzi hata kiberiti. Mkatoliki ana Jumapili, ingawa wengi wao huifupisha kwa misa ya kwanza.

Kwangu mimi Msabato ndiye aliyepata sehemu bora, japo ndiye anayepata hasara kubwa. Mwenye duka anayefunga kwa kuchoka huambiwa mvivu, na wateja humhama. Anayefunga kwa amri iliyo juu yake haulizwi. Wateja hununua mafuta ya taa Ijumaa mchana, wakijua. Amri hiyo inamfanyia ile kazi ambayo idara ya utumishi humfanyia karani. Lakini si kila amri ya kufunga ni pumziko: mwaka 2020 serikali ilifunga maduka kwa sababu ya korona, wala sijasikia mfanyabiashara akiziita siku zile likizo.

Huko Mbarara, jiji tangu Julai 2020, kuna desturi nyingine. Krismasi ikikaribia, fundi cherehani, muuza vipuri na mama wa mgahawa hufunga na kwenda kijijini, ekyaro kwa Kinyankole. Nauli hupanda, nao hupanda basi vilevile. Kasoro moja: mfugaji hana Krismasi, maana ng'ombe lazima akamuliwe. Wengine hukaa wiki nzima wakila matoke na nyama, wakisuluhisha ugomvi wa mipaka ya mashamba. Hiyo ndiyo likizo kamili ninayoiona kwa waliojiajiri: sababu ya kufunga inajulikana, na mahali pa kwenda papo.

Mkongomani wa Nakivale anaweza kufunga siku hiyohiyo ya Krismasi, akavaa kitenge kipya, akaimba kanisani. Kijiji chake kipo ng'ambo ya mpaka, nako ndiko alikokimbia. Akirudi huko kwa hiari na kuweka makazi upya, Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unamwondolea hadhi ya ukimbizi. Tarehe 26 anafungua duka.